AC ya chumba cha juu chini ya mabati, Malindi: nichukue BTU ngapi?

mama_wa_maweni · Jumapili, saa 4:10 usiku

Assalaam alaykum jamani, naomba msaada kabla sijamwaga hela. Tuna chumba cha juu hapa Malindi, twataka baba mkwe ahamie humo manake chumba chake cha chini mvua za mwaka jana zilimwingilia mara mbili na mzee ana miaka 74, hatuwezi kumwacha akiteka maji usiku na kopo. Hicho cha juu ni kizuri, kipana, tatizo kaskazi ikishaanza kuvuma ni tanuri, mwezi wa pili na wa tatu hata paka hapandi. Panka tunalo la dari lkn lapuliza moto tu.

Nmeita watu watatu. Wa kwanza alisimama mlangoni hata hakuingia, akasema BTU 9,000 yatosha. Wa dukani hajaona chumba kabisa ila kaniambia kwa simu 24,000 ndo dawa, chumba kitapoa dakika tano. Wa tatu kaniambia "tani moja na nusu" nami wallahi nkadhani ni uzito, nkamuuliza ss huo ukuta wetu utabeba tani moja na nusu?? Kacheka hadi kakaa chini, kisha akaniambia ni 18,000. Halafu usiku nkaingia mtandaoni nkaona jedwali la Kimarekani, ukitia ukubwa wa chumba changu (18 mita mraba, yani futi 194 hivi) linasema 6,000. Kwa hivo nina 6, 9, 18 na 24 na chumba ni hichohicho kimoja. Nani anaongopa?

Chumba ni mita 4 kwa 4.5, juu mita 3. Atalala mzee, mchana wajukuu huingia wakatoka.

---

fundi_baridi · Jumapili, saa 5:02 usiku

Waalaykum salaam mama. Hakuna alieongopa sana, wote wamekisia tu. Huyo wa tani usimcheke, tani moja ya AC ni BTU 12,000 kwa saa (BTU ndo kipimo cha joto ambalo mashine yaweza kulitoa chumbani), jina latoka zamani walipokua wakipoza kwa barafu, ni joto la kuyeyusha tani moja ya barafu (ile tani yao Wamarekani, ratili 2,000) kwa saa 24. Kwa hiyo tani moja na nusu ni 18,000. Ukuta hautaanguka.

Mimi kwa pwani huanza na 600 kwa kila mita mraba, yako ni 18 mara 600 sawa na 10,800. Hapo ni chumba cha kawaida chenye gorofa nyengine juu yake. Kisha ndo naongeza kulingana na ninachokiona, na hapo ndo mimi siwezi kukupa jibu kwa simu wala humu kabla hujanijibu haya: juu ya hicho chumba ni mabati matupu ama kuna silingi? Kama iko silingi, kuna kitu chochote katikati ya silingi na bati? Madirisha yaelekea wapi na ni ya aina gani, manake kama ni yale ya vioo vya kufungua kama kurasa za kitabu basi tuna maneno. Na kuta ngapi zapigwa na jua.

---

mzee_wa_dau · Jumapili, saa 5:20 usiku

Dada chukua 24 umalize. Kubwa haliharibu kitu, dogo ndo litakua likilia usiku kucha bila kupumzika na bili ije juu. Mimi nina 24 sebuleni, ukiwasha tu ndani ya dakika chache wataka shuka.

---

mama_wa_maweni · Jumatatu, saa 1:15 asubuhi

Fundi shukran. Juu ni mabati, chini yake silingi ya plaiwudi, katikati hakuna kitu ila popo wawili. Dirisha kubwa lipo magharibi, mita 1.5 kwa 1.2, na jengine upande wa kaskazini 1.2 kwa 1.2, yote mawili ndo hayohayo ya kurasa za kitabu, mengine hayafungi sawasawa. Kuta mbili ni za nje, ya magharibi ile ya mita 4.5 na ya kaskazini ya mita 4, mbili zingine zapakana na vyumba na kordo. Pazia ni jepesi la ndani. Kuna TV ndogo.

Na kwa alionitumia meseji pembeni kuniuliza mzee wa miaka 74 na ngazi vipi, huyu mzee ana miguu kunishinda mimi, apanda akishuka mara kumi kwa siku kutafuta radio yake.

---

mwana_amu · Jumatatu, saa 3:40 asubuhi

Mzee wa dau kwa heshima zako, mimi hiyo ya "kubwa haliharibu kitu" imenitia hasara hapa Lamu.

Nasimamia nyumba ya wageni, nyumba ya zamani ya mawe. Mwazijua nyumba zetu, vyumba vyembamba kwa sababu upana ulipimwa kwa urefu wa boriti, chumba chaenda mita 6 lakini upana hata 3 haufiki, kuta nene kama mkono mzima na juu kuna gorofa nyengine, yua halikioni kabisa chumba kile. Mwenye nyumba akaleta 18,000 kwa maneno hayahaya, ipoze haraka mgeni afurahi. Kweli ilipoza haraka. Yawaka, dakika nne tano yafika digrii 22, yazima. Baada ya muda yawaka tena dakika nne, yazima. Chumba baridi lakini shuka zimelowa kama zimetoka kamba muda si wake, mgeni aamka mwili wanata na baridi ndani ya mifupa. Nyuma ya kabati ukungu mweusi, chokaa ikaanza kububujika. Bomba la kutoa mayi lilikua kavu, nusu ya siku hata tone. Tukaita fundi watatu kila mmoja asema gesi, gesi, ukaongezwa gesi mpaka nikachoka.

Mwishowe kijana mmoja akatuambia tatizo si gesi, ile mashine haipati muda wa kukausha. Ili hewa ya pwani ikauke yabidi ipite kwenye zile koili baridi kwa muda mrefu, mvuke ugeuke mayi pale yatiririke nje, sasa kama yazima kila dakika tano mayi yaliyoshika kwenye koili yarudi chumbani. Tukaiuza ile tukatia 9,000 ya inveta. Yafanya kazi pole pole saa zote, chumba ki digrii 26 na mgeni asema baridi nzuri. Ndoo ya mayi twamwaga kila asubuhi.

Na mlioko mji wa kale, kabla hamjatundika kondensa (ile mashine ya nje) ukutani ulizeni kwanza watu wa makumbusho, mji huu uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001 na huwezi kujitobolea ukuta wa mbele upendavyo. Sisi tuliweka darini.

---

chaki_na_ubao · Jumatatu, saa 9:30 alasiri

Mimi si fundi, nasomesha fizikia sekondari, lakini hili swali nalipenda na darasa limetoka kwa hivyo acheni nipige hesabu ya chumba cha mama mbele yenu, fundi atanisahihisha. Naichukua saa 10 jioni mwezi wa tatu, ndiyo saa mbaya kupita zote, nje digrii 32 na unyevu asilimia 70, ndani twataka 25. Nitahesabu kwa wati, mwisho nizidishe kwa 3.412 tupate BTU.

Tuanze na paa kwa sababu ndiko aliko adui. Malindi tuko kama digrii 3 kusini ya ikweta, mwezi wa tatu jua la adhuhuri liko juu ya utosi kabisa, bati laweza kufika digrii 60 na kupita. Hewa iliyofungika kati ya bati na plaiwudi niseme ni digrii 45, yaani 20 zaidi ya chumbani, na plaiwudi tupu yapitisha kama wati 3 kwa kila mita mraba kwa kila digrii. 18 mara 3 mara 20 ni wati 1,080. Hizo ni za silingi peke yake, ni kama mtu ameweka pasi ikiwaka juu ya kichwa cha mzee mchana kutwa.

Ukuta wa magharibi ulioungua tangu saa 7 nimeupa 420, wa kaskazini 150. Dirisha la magharibi ni mita mraba 1.8 na jua la jioni laingia moja kwa moja, hata kwa pazia la ndani nakisia wati 450 kwa kila mita mraba, kwa hivyo 810. Na angalia, pazia la ndani halisaidii kivile kwa sababu jua likishapita kioo lishaingia nyumbani, pazia lapata moto nalo lapasha chumba. Dirisha la kaskazini 150. Watu wawili 230, kila mtu aliyekaa tu ni kama bulbu ya zamani ya wati 100 na zaidi kidogo. TV na taa 100.

Sasa hivyo vioo vya kitabu. Hapa ndipo wengi hawatazami. Chumba ni mita za ujazo 54. Hewa yote ikibadilika mara moja kwa saa kupitia nyufa, kuipoza ile hewa mpya kutoka 32 hadi 25 ni wati kama 130 tu, hakuna kitu. Lakini kuikausha ni karibu 480 nyengine, kwa sababu ule mvuke ukigeuka maji watoa joto lake lote ndani ya mashine. Yaani katika hewa ya kwetu, unyevu una mzigo karibu mara nne ya joto lenyewe. Jumla 600 na kitu kwa kila mara hewa ikibadilika, na vioo visivyofunga naviwekea mara mbili kwa saa, 1,200.

Jumlisheni: 1,080, 420, 150, 810, 150, 230, 100, 1,200. Ni wati 4,140, sawa na BTU 14,100 hivi. Kwa hivyo kwa chumba jinsi kilivyo leo, 9,000 ingekoroma usiku kucha na kushindwa, 12,000 ingebaki nyuma saa za jioni, 18,000 ingefaa. Fundi wa tani moja na nusu alikuwa na jicho.

Lakini ngojeni. Tutie insuleshen juu ya silingi, ile sufi ya glasi unene wa sentimita 5, paa lashuka kutoka 1,080 hadi 216. Tushushe jamvi NJE ya dirisha la magharibi, nje nimesema, 810 yawa 200. Tubadilishe vioo au tuzibe nyufa hewa iingie mara moja tu kwa saa, 1,200 yawa 600. Mengine yote yabaki vilevile. Jumla mpya wati 2,066, sawa na BTU 7,050.

Chumba ni kilekile, mzee ni yuleyule, mzigo umekatika nusu. Ndiyo maana wamekupa majibu manne mama, kila mmoja kahesabu chumba chake kichwani. Wa 9,000 alikuwa na chumba chenye paa zuri. Na lile jedwali la Kimarekani limeandikiwa nyumba zilizofungika na kujazwa sufi kila upande, si bati na popo.

---

mzee_wa_dau · Jumatatu, saa 11:05 jioni

Mwalimu umeniangusha. Lkn hiyo yangu ya sebuleni mbona haina ukungu?

---

chaki_na_ubao · Jumatatu, saa 11:20 jioni

Sebule yako kubwa kiasi gani bwana, na mlango wafunguliwa mara ngapi kwa saa? Nadhani umepata mzigo wa kuitosha bila kujua.

---

mzee_wa_dau · Jumatatu, saa 11:31 jioni

Mita 6 kwa 7, mlango hauna kazi nyengine ila kufunguliwa. Haya basi.

---

mpwani_leeds · Jumanne, saa 6:48 usiku

Nimecheka kusoma hii nikiwa nimevaa soksi mbili. Mimi mtoto wa Malindi niko Leeds, Uingereza, mwaka wa tisa, huku swali ni hilohilo kinyume chake, twauliza radieta (lile la ukutani lipashalo chumba kwa maji moto) ya ukubwa gani kwa chumba. Hesabu ndo hiyo ya mwalimu, kuta, madirisha, paa, hewa ya nyufa, ila joto latoka badala ya kuingia, na unyevu hauhesabiwi kwa 7bu radieta haikaushi kitu.

Nawapa kichekesho kimoja. Maduka huku huuza radieta kwa BTU na wati zote mbili, mimi nkanunua iliyoandikwa wati 1,000, yani BTU 3,412, sawasawa na hesabu ya chumba. Baridi palepale. Kumbe ile namba ni kama maji ndani yake yana wastani wa digrii 70 na chumba kina 20, tofauti ya 50. Nyumba yangu haina boila ya gesi, ina pampu ya joto (mashine ya stima ivutayo joto la nje kupasha maji), maji yake wastani ni 50 hivi, tofauti ni 30 tu, na kwa tofauti ya 30 radieta ileile yatoa kama nusu. Kwa hivo nlikua nimenunua wati 500 kwa bei ya 1,000. Someni masharti ya hiyo namba kwenye boksi, hata AC yenu nadhani ina masharti yake.

Tofauti moja, huku radieta kubwa kupita kiasi si balaa, kuna kivali pembeni yajifunga chumba kikifika, na kwa pampu ya joto kubwa ndo bora zaidi. Kwa hivo nlivosoma ya Lamu ndo nkajifunza kwamba kwenu kubwa ni hasara. Nauliza Kaskazi inavuma kweli saa hizi au mwaniongopea, huku nje ni sifuri.

---

fundi_baridi · Jumanne, saa 2:20 asubuhi

Yavuma, baki huko huko.

Mwalimu hesabu yako sina neno nayo, mimi kwa kidole ningesema 14,000 nawe umefika 14,100 kwa chaki kwa hivyo tumekutana. Na wa Leeds amesema kweli, namba ya BTU kwenye AC hupimwa nje ikiwa digrii 35 na ndani 27. Ukitaka ndani 24, yatoa chini kidogo ya ilivyoandikwa. Kisha kuna chumvi, miaka miwili baharini zile mbavu za kondensa zikishaanza kula kutu haitoi tena ilichotoa siku ya kwanza. Kwa hivyo sikazi nut kabisa, 7,050 sinunui 7,000, mimi naacha nafasi.

Mama ushauri wangu. Kama utatengeneza paa na madirisha, chukua 9,000 ama 12,000 lakini iwe INVETA. Ile ya kawaida haina akili, ni kuwaka yote ama kuzima yote, ya inveta hupunguza mwendo wa kompresa (ile mota ibanayo gesi) ikikaribia, kwa hivyo hata 12,000 yaweza kwenda mdogo mdogo usiku kucha ikikausha hewa. Kwa chumba chako naelekea 12,000 inveta kwa ajili ya wale wajukuu wa kuingia na kutoka na ile saa 10 jioni. Kama hutatengeneza kitu, ni 18,000 na nakuhurumia kwa tokeni.

Mengine upesi upesi. Waya wake uwe peke yake kutoka kwenye boksi la stima, wa milimita mraba 2.5, na breka yake, usiniambie kuna soketi hapo karibu. 12,000 yavuta kama wati 1,100 ikienda kwa nguvu zote, si nyingi, lkn ikishirikiana waya na pasi na birika ndo utaniita usiku. Weka na kile kiboksi cha kulinda friji ila kiwe cha AC, stima ikiyumba kompresa ndo ya kwanza kufa. Ukiuziwa ya gesi R22 kwa bei ya kutupa iache ipite, ya zamani hiyo, uliza R32 ama 410. Na fundi yoyote atakaefunga bila kuvuta hewa kwenye mabomba kwa pampu ya vakyumu mfukuze, akikuambia "napuliza na gesi kidogo" huyo atarudi kwako kila mwaka.

Kondensa usiiangalize baharini. Iweke upande wa pili wa nyumba na kila mwezi imwagie maji, maji ya bomba, SIO ya kisima, visima vyetu vingi vina chumvi utakua waiosha kwa kutu.

---

mama_wa_maweni · Jumanne, saa 3:50 usiku

Subhanallah nmejifunza kuliko miaka minne ya sekondari. Mwalimu ile ya pazia imeniuma, pazia hilo nlilishona mwenyewe kwa sababu ya jua.

Swali mbili. Kivuli cha makuti juu ya dirisha si chatosha badala ya jamvi? Na insuleshen kuna jamaa ananiuzia ile karatasi ya fedha yenye vipovu, bei nusu ya sufi, ni sawa?

Na usiku mashine yala uniti ngapi, nijue kumjibu mume.

---

chaki_na_ubao · Jumanne, saa 4:15 usiku

Kivuli cha makuti chazuia jua la juu. La saa 10 jioni liko chini, lakutazama usoni, lapita chini ya makuti kama mgeni asiyepiga hodi. Jamvi la kushuka, nje, saa 7 mchana lishushwe. Makuti yawe ya urembo.

Karatasi ya fedha ni nzuri kwa paa la bati ila kwa sharti moja, iwe na nafasi ya hewa chini yake ama juu yake, kazi yake ni kurudisha mng'ao wa joto la bati. Ukiibana kati ya mbao na bati bila nafasi ni plastiki tu. Vumbi likiilala pia yapungua nguvu. Ukiweza weka zote mbili, karatasi karibu na bati, sufi juu ya silingi. Ukishindwa chukua sufi. Na lipake bati rangi nyeupe kama lafikika, ni ndoo mbili za rangi na asubuhi moja.

Uniti: chukulia zile wati 1,100 za fundi, saa 8, kompresa ikienda kama nusu ya nguvu zake. 1.1 mara 8 mara nusu ni uniti 4.4 kwa usiku. Mzidishie mume kwa bei ya tokeni zenu.

---

mwana_amu · Jumanne, saa 4:40 usiku

Mama na usiiweke digrii 18 hata mzee akiomba. Digrii 26 na panka la dari likizunguka pole pole, mwili wajiona 24. Halafu mlango usiachwe wazi mchana mashine ikizimwa, hewa ya 32 yenye unyevu ikiingia na kukuta ukuta ulio chini ya 26, ukuta watoa jasho palepale. Ndio uliokua ukungu wangu.

Halafu kuna jirani kule Shela alitia AC chumba cha makuti matupu bila silingi. Wacha nisiseme, ni kama kuchota mayi kwa tenga.

---

mama_wa_maweni · Ijumaa, wiki nne baadae, saa 3:05 usiku

Nmerudi kutoa taarifa manake mtu ukisaidiwa sema.

Tulianza na paa kabla ya kununua chochote. Popo walihama wenyewe kelele zilipoanza. Tukatia sufi, karatasi hatukuweza kwa mfuko, bati twalipaka nyeupe nusu, nusu nyengine rangi iliisha, itaendelea mwezi ujao. Vioo vya kitabu tukatoa kwa dirisha la magharibi tukaweka la kuteleza, la kaskazini tuliziba nyufa na mpira. Jamvi liko nje, mzee mwenyewe ndo hulishusha akitoka kuswali adhuhuri, kazi yake hiyo na hataki mtu aiguse.

Nlinunua kipimajoto kidogo ili nisiongopewe tena. Saa 10 jioni kabla ya kazi 37. Baada ya paa na jamvi, bila AC, 32, siku ya joto sana 33. Mume akasema ss yote ya nini si tuache hivo hivo, nkamwambia lala humo wewe usiku mmoja. Akalala. Asubuhi kaenda dukani mwenyewe.

Tumeweka 12,000 inveta, waya wake peke yake, kondensa nyuma upande wa jikoni. Fundi alieifunga alikuja na pampu ya vakyumu bila kuulizwa nkajua nmepata mtu. Iko 26, mzee alala, yazima na kuwaka hata hausikii. Mara ya kwanza aliniuliza kama nmeileta imtie baridi ya kifua, ss yuwaniuliza kwa nini sikuileta tangu zamani.

Ndoo ya maji kila asubuhi ni lita 4 na kitu. Mzee ameichukua yamwagilia asumini zake na analalamika ni kidogo, ati fundi aongeze.

---

fundi_baridi · Ijumaa, saa 3:22 usiku

Hongera mama. Lita 4 ni afya njema, ndo kazi yake. Mwambie mzee ni maji mazuri kwa maua lkn yamepita kwenye mavumbi ya mashine, asiyanywe.

---

mama_wa_maweni · Ijumaa, saa 3:25 usiku

Umechelewa. Ashaonja, asema hayana ladha.